Kuki za kufuatilia, matangazo ya mtaani au michango: tovuti ya jamii ilipiwe na nini?

Tovuti ya jamii haina kiingilio. Mtu anaingia, anasoma ratiba ya kivuko, anatafuta fundi wa friji, anaangalia bei ya mahindi sokoni, anaondoka bila kutoa hata senti. Lakini seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti, inalipiwa kila mwezi, jina la tovuti linalipiwa kila mwaka, na yupo mtu anayekesha akifuta matapeli wanaobandika namba za mikopo hewa. Pesa hiyo hutoka wapi? Kwa tovuti nyingi za bure duniani jibu ni matangazo, hasa yale yanayomfuata msomaji kwa kuki, yaani faili dogo ambalo tovuti huliacha kwenye kivinjari chake. Njia nyingine mbili ni matangazo yanayofuata mada na mahali bila kumfuatilia mtu, na michango ya wasomaji wenyewe.

Niseme mapema ninakosimama. Kwa tovuti ndogo yenye wasomaji wa mji mmoja, kazi moja au jamii moja, tangazo linalofuata mada linafaa kuliko linalomfuata mtu. Hata hivyo, hilo halizihusu tovuti zote, na anayetaka kuchagua vizuri aone kwanza pesa ya kuki inavyotembea.

Njia ya kwanza: matangazo yenye kuki za kufuatilia

Kuki yenyewe haina ubaya. Lou Montulli aliibuni mwaka 1994 akiwa Netscape, kampuni ya kivinjari, ili tovuti iweze kumkumbuka mtu anapotoka ukurasa mmoja kwenda mwingine: ameshaingia kwa nywila yake au bado, na ameweka nini kwenye kikapu cha manunuzi. Tovuti yenu ikiweka kuki yake ili mwanachama asiandike nywila kila anaporudi, hakuna wa kulalamika.

Mambo yanabadilika kuki inapokuwa ya mtu wa tatu. Mnabandika kwenye ukurasa wenu msimbo mfupi wa kampuni ya matangazo. Msomaji akifungua ukurasa, kivinjari chake kinakwenda kuchukua tangazo kwenye seva ya kampuni hiyo, nayo inamwekea kuki yake. Kesho msomaji yuleyule anafungua tovuti ya michezo yenye msimbo uleule, na kampuni inamtambua. Keshokutwa ni tovuti ya mapishi. Baada ya muda kampuni inajua anasoma nini, saa ngapi, kwa simu ya aina gani, na yuko mji upi.

Sasa chukua mama mjamzito aliyeko Tanga, anafungua ukurasa wenu unaoorodhesha kliniki za wajawazito. Kabla picha hazijamaliza kufunguka, anwani ya ukurasa huo, aina ya simu yake, mji aliopo na namba ya utambulisho iliyo kwenye kuki vinapelekwa mnadani. Kampuni kadhaa zinapokea taarifa hizo, kila moja inaamua itoe kiasi gani ili tangazo lake lionekane, na mshindi anapatikana ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Waliokosa nafasi nao wameshaziona taarifa. Waendesha tovuti wengi hawalijui hili: wanadhani wameuza nafasi moja ya tangazo kwa mteja mmoja, kumbe habari za msomaji wao zimepita mbele ya kila aliyealikwa mnadani.

Ukitaka kuona kwa macho, fungua tovuti yoyote yenye matangazo kwa kivinjari cha Chrome cha kompyuta, bofya alama iliyo mwanzoni mwa anwani, kisha fungua sehemu ya vidakuzi, ndilo jina la kuki humo. Utakuta majina ya tovuti ambazo hukuzifungua wala hujawahi kuzisikia, na bado zimeacha kitu kwenye mashine yako. Fanya hivyo kwanza kwenye tovuti yenu wenyewe, kabla msomaji hajafanya na kuja kuwauliza maswali.

Upande wa faida, njia hii ina wepesi ambao nyingine hazina. Tangu Google ianzishe AdSense, huduma yake ya kuweka matangazo kwenye tovuti za watu, mwaka 2003, mtu aliye peke yake, asiye na ofisi wala afisa masoko, anaweza kuweka msimbo na kuanza kupata kitu. Hatafuti mteja, haandiki ankara, hadai deni. Matangazo yakinunuliwa kupitia Google Ads, huduma ambayo wenye matangazo hununulia nafasi, mwenye tovuti hubakiwa na takriban asilimia 68 ya pesa aliyotoa mwenye tangazo. Huo si mgao mbaya. Kwenye minada mingine yenye madalali wengi katikati hali ni tofauti: mwaka 2020 chama cha wenye matangazo cha Uingereza, ISBA, pamoja na kampuni ya ukaguzi wa hesabu PwC, walifuata pesa hatua kwa hatua na kukuta ni asilimia 51 tu iliyowafikia wenye tovuti. Asilimia 15 haikujulikana ilipotelea wapi.

Swali gumu zaidi ni bei. Malipo huhesabiwa kwa kila mara 1,000 ukurasa unapoonekana, na bei hiyo hupanda au kushuka kufuatana na mahali alipo msomaji na nani anamtaka. Msomaji wa Minnesota, Marekani, huwaniwa na makampuni mengi kuliko msomaji wa Singida, hata kama wote wawili wamesoma habari ileile. Tupige hesabu ya mfano. Tuseme kurasa zenu zinafunguliwa mara 40,000 kwa mwezi, na kila mara 1,000 mnapata nusu dola. Hizo ni dola 20 kwa mwezi. AdSense hailipi mpaka salio lifike dola 100, kwa hiyo mtasubiri miezi 5 kabla pesa haijaingia benki, na seva haisubiri. Msomaji naye ameigharamia: matangazo hayo na misimbo yake vimekula bando lake kila alipofungua ukurasa.

Je, kufuatilia kunaongeza pesa kweli?

Kampuni za matangazo husema ndiyo, na huonyesha namba. Mwaka 2019 Google ilijaribu kuondoa kuki za mtu wa tatu kwa baadhi ya wasomaji wa tovuti kubwa 500, ikatangaza kwamba mapato ya tovuti hizo yalishuka kwa wastani wa asilimia 52. Mwaka huohuo watafiti watatu wa vyuo vikuu vya Marekani, Marotta, Abhishek na Acquisti, walipima mamilioni ya mauzo ya matangazo ya kampuni moja kubwa ya habari, wakakuta kuki ikiwepo mapato ya mwenye tovuti yanaongezeka kwa takriban asilimia 4 tu.

Namba hizo zinapishana sana, na aliyezipima ni muhimu kama namba zenyewe. Tena jaribio la Google liliwaondolea kuki baadhi ya wasomaji huku mnada ukiendelea na wasomaji wengine wenye kuki. Katika soko la namna hiyo asiyetambulika lazima awe wa bei ya chini, maana mnunuzi ana wengine wa kuchagua. Haituambii kitakachotokea tovuti ikiamua kuuza kwa utaratibu mwingine kabisa.

Waliojaribu utaratibu mwingine ni Waholanzi. NPO ni shirika la utangazaji la umma la Uholanzi, na matangazo yake huuzwa na taasisi iitwayo Ster. Sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data ilipoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, NPO iliamua kuwauliza wasomaji kwa uwazi kama wanakubali kufuatiliwa, na asiyejibu akahesabiwa amekataa. Walio wengi sana hawakukubali. Ster ikabaki na watazamaji wasiofuatilika, ikalazimika kutafuta cha kuuza. Ikauza mada: kipindi cha mapishi kikapata tangazo la vyakula, habari za usafiri zikapata tangazo la usafiri. Mwaka 2019 ikapima na wenye matangazo 10, American Express ikiwamo, na matangazo yaliyofuata mada yakafanya kazi sawa au kuzidi yale ya kuki. Januari 2020 ikaziondoa kuki za kufuatilia kwa watu wote. Mwezi huo mapato ya matangazo ya mtandaoni yalizidi ya Januari ya mwaka uliotangulia kwa zaidi ya asilimia 60, na Februari yakazidi kwa zaidi ya asilimia 70.

Sababu moja kubwa ni kwamba walipoacha minada, fungu la madalali lilibaki kwao. Kingine ni kile ambacho kuki humwibia mwenye tovuti kimyakimya: mwenye tangazo akishamtambua msomaji wako, anaweza kumfuata hadi kwenye tovuti ya bei rahisi na kumwonyesha tangazo huko. Ninyi mmemkusanya msomaji kwa miaka ya kazi, mwingine anamuuza kwa bei ya kutupa. Pasipo kuki, anayewataka wavuvi wa Ziwa Victoria lazima aje pale wavuvi wanaposoma.

Lazima pia tuseme kwamba NPO ni shirika la taifa lenye watu walioajiriwa kuuza matangazo. Tovuti ya kata haina idara hiyo. Somo lake linahamia kwetu kwa sehemu, na sehemu hiyo inatosha kumfanya mtu afikiri.

Kuna hatari nyingine ya njia ya kwanza, nayo ni kumtegemea mmoja. MetaFilter ni tovuti ya jamii iliyoanzishwa Marekani na Matt Haughey mwaka 1999, watu wanaulizana na kujibiana, na wapo wasimamizi wanaolipwa kuweka nidhamu. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mapato yake ilitoka kwenye matangazo ya Google yaliyoonyeshwa kwa wapita njia. Novemba 2012 Google ilibadilisha namna inavyopanga matokeo ya utafutaji, wageni wa MetaFilter wakapungua ghafla kwa takriban asilimia 40, na mapato yakafuata. Mei 2014 Haughey alitangaza kwamba anapunguza wafanyakazi. Kilichoiokoa ni wanachama, ambao walianza kuchangia kila mwezi. Ubora wa tovuti haukuwa umeshuka. Aliyekuwa akileta wageni na aliyekuwa akilipa ni mmoja, naye alibadilisha mambo yake.

Kuki zenyewe pia zinapungua nguvu. Kivinjari cha Apple kiitwacho Safari kimezifunga kabisa zile za mtu wa tatu tangu Machi 2020, na kivinjari cha Firefox kilianza kuwazuia wafuatiliaji wanaojulikana kwa watumiaji wake wote mwaka 2019. Chrome ilitangaza Januari 2020 kwamba itaziondoa, ikaahirisha mara kadhaa, na Julai 2024 ikaachana na mpango huo. Kwa hiyo tovuti yenye wasomaji wengi wa iPhone, kama zinavyoweza kuwa za Waswahili walioko Ulaya na Marekani, tayari inaonyesha matangazo kwa watu wasiofuatilika kwa kuki hizo, hata kama mwenyewe hajui.

Njia ya pili: kuuza mahali, usiuze mtu

Hapa mnaweka tangazo la duka la pembejeo kwenye ukurasa wa kilimo, au la chuo cha udereva kwenye ukurasa wa ajira, na kila msomaji analiona lilelile. Hakuna mnada, hakuna namba ya utambulisho. Picha inakaa kwenye seva yenu, ina uzito mnaouchagua, na haiwezi kugeuka usiku kuwa tangazo la kamari au la dawa ya kurefusha nywele.

Turudi kwenye hesabu. Zile dola 20 kwa mwezi, tukichukulia dola moja ni shilingi 2,500 za Tanzania, ni shilingi 50,000. Maduka 3 ya mji wenu yakilipa shilingi 30,000 kila moja, ni 90,000, na inalipwa kwa Lipa Namba mwezi huohuo. Hii ni hesabu ya mfano tu, lakini inaonyesha kwa nini wenye wasomaji wachache walio mahali pamoja wasikimbilie mnada. Msomaji wa Singida hana bei kwa kampuni ya California. Kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo Singida ana bei kubwa.

Kazi yake ni mguu na mdomo. Mwenye duka ataangalia simu yako, atashusha ukurasa mpaka chini, kisha atauliza, "Sasa kaka, mimi nitajuaje kama mteja ametoka kwako?" Usimjibu kwa takwimu za kurasa. Mpe kitu anachoweza kukihesabu mwenyewe: namba ya simu inayotumika kwenye tangazo hilo pekee, au neno la kutaja dukani ili mteja apunguziwe kidogo. Mwisho wa mwezi atahesabu yeye. Akiona simu zimeingia atalipa mwezi wa pili bila kusukumwa. Zisipoingia, mtajua wote wawili kwamba ukurasa ule si mahali pake, na mnahamia mwingine.

Udhaifu wake upo wazi. Inachukua muda, wapo wanaolipa kwa kuchelewa, na tovuti inayotegemea maduka 3 itatetemeka moja likifunga. Lipo pia shinikizo la mdhamini. Anayelipa anaweza kutaka malalamiko dhidi yake yafutwe. Kampuni ya mbali ya kwenye mnada haikujui wala haina habari na mlichoandika, na hiyo ni faida ya kweli ya mnada inayosahaulika. Dawa ni kuandika masharti mapema, hata nusu ukurasa: tangazo halinunui ukimya. Msipoweza kusimamia hilo mbele ya mfanyabiashara mkubwa wa mji, njia hii itawaumiza.

Iko namna nyingine ndani ya njia hii ambayo mimi naipenda: kumtoza yule tu anayefaidika kwa pesa. Craigslist, tovuti ya matangazo madogo ya watu iliyoanzishwa na Craig Newmark huko San Francisco mwaka 1995, iliendeshwa kwa miaka mingi bila kuuza nafasi ya bango la tangazo hata moja. Wanaotafuta chumba, wanaouza baiskeli na wanaogawa vitu bure hawakulipa. Waajiri walilipa kutangaza kazi kwenye baadhi ya miji, na madalali wa nyumba walilipa New York. Tovuti yenu yenye ukurasa wa nafasi za kazi inaweza kufanya hivyo kesho: mwananchi bure, kampuni inayoajiri inalipa ada ndogo.

Njia ya tatu: michango

Wikipedia ndiyo mfano mkubwa. Mwaka 2002, wazo la kuweka matangazo lilipotajwa tu, baadhi ya waandishi wa Wikipedia ya Kihispania walijitenga wakaanzisha kamusi elezo yao, Enciclopedia Libre. Mpaka leo Wikipedia haina matangazo, ya Kiswahili ikiwamo, nayo ilianza mwaka 2003.

Kwetu kuchangishana si jambo la kufundishwa. Harusi, msiba, ada ya mtoto wa jirani, vyote hupita kwenye kamati na orodha. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 mchango mdogo ukawezekana bila kukutana, na hiyo ndiyo nguvu ya njia hii: shilingi 100 ya Kenya kutoka kwa watu 60 inaweza kulipa seva ndogo kwa miezi kadhaa. Ila mtu huchangia anachokiona. Wekeni ukurasa wa hesabu: seva kiasi hiki, jina la tovuti kiasi hiki, kimeingia hiki, kimebaki hiki. Bila hesabu iliyo wazi, mchango wa pili hauji.

Kasoro yake ni kuchoka. Mwezi wa kwanza watu hutoa kwa moyo, kufikia wa nne orodha imebaki na majina yaleyale. Afadhali kuomba mara moja kwa mwaka, kwa kiasi kinachojulikana, na kunyamaza kikishafika.

Sheria inavyoingia katika uchaguzi

Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Rwanda tangu 2021, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ikiwataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kadiri mnavyokusanya kidogo ndivyo maswali yanavyopungua. Mkiwa na wasomaji Ulaya, mzigo wa kuki unaongezeka: tangu Januari 2024 Google inawataka wanaotumia AdSense kuwaonyesha wasomaji wa huko kisanduku cha ridhaa kilichothibitishwa nayo. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Oktoba 2019 kwamba kisanduku kilichotikiwa tayari si ridhaa. Mwanzoni mwa 2022 mamlaka ya Ufaransa ya ulinzi wa data, CNIL, ilitangaza kuitoza Google faini ya euro milioni 150 na Facebook milioni 60 kwa kuwa kukataa kuki kulikuwa kugumu kuliko kukubali. Hakuna atakayekuja kuitoza tovuti ya kata mamilioni, lakini kanuni ni njema kwa kila mtu: kitufe cha kukataa kikae kando ya kitufe cha kukubali, kwa ukubwa uleule.

Ipi kwa nani?

Tovuti inayohusu afya, VVU, ujauzito, ukatili wa nyumbani, madeni au dini isiweke kuki za kufuatilia kwa hali yoyote. Anwani ya ukurasa peke yake inatosha kumtangaza msomaji. Hapo ni michango, au mdhamini anayejulikana, na kama pesa haitoshi punguzeni gharama za seva kabla ya kuwauza watu waliokuja kutafuta msaada.

Tovuti ya mji, kata, soko au chama cha wakulima: njia ya pili, pamoja na ada kwa waajiri, na mchango mmoja kwa mwaka kama akiba. Ya Waswahili walioko Muscat, London au Minneapolis ina bahati, kwa sababu wenye maduka ya vyakula vya nyumbani, wasafirishaji wa mizigo na mawakala wa tiketi wanawatafuta watu haohao na hawana pengine pa kuwapata pamoja.

Ninayoikubalia AdSense ni tovuti yenye wasomaji wengi waliotawanyika, mada mchanganyiko, na mwendeshaji mmoja asiye na saa ya kutembelea maduka. Kamusi ya bure, mkusanyiko wa mapishi, maelezo ya kutengeneza simu. Kabla ya kuomba, angalieni kama Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha wanazokubali siku hiyo. Mkishakubaliwa, kwenye mipangilio ya faragha ya akaunti chagueni matangazo yasiyofuata tabia za mtu kwa wasomaji wa maeneo yanayoruhusu, mkijua kwamba bado kuki zitatumika kuhesabu tangazo limeonekana mara ngapi na kuzuia udanganyifu. Zuieni pia makundi ya kamari na mikopo, hata kama ndiyo yanayolipa. Kisha pimeni miezi 3 kwa mpangilio huo dhidi ya miezi 3 ya tangazo la duka moja la mtaani kwenye ukurasa unaosomwa zaidi, na wekeni matokeo yote mawili kwenye ukurasa wa hesabu, wasomaji waone nani anawalipia.